Kuwatafuta Yeremia na Damari katika vitabu vya kanisa vya Ugogo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kitukuu wa mzee Yeremia na mama Damari, wazazi wa bibi yangu mzaa mama. Nyumbani tunaambiwa kwamba walibatizwa Mvumi, kwa Waanglikana, enzi za Mjerumani, wakafunga ndoa kanisani huko huko, na baada ya njaa ya Mtunya wakahamia upande wa Kilimatinde, ambako bibi, kitinda mimba wao, alibatizwa akiwa mchanga mwaka 1931. Cheti chake cha ubatizo ndicho karatasi pekee tuliyo nayo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya vita, mmoja alifariki wakati wa Mtunya, na binti mwingine aliolewa na Mkatoliki akaingia kanisa la mumewe hapa Dodoma. Wako ndugu wanaosema Damari alikuwa ameolewa kwingine kabla ya Yeremia. Nilipouliza kanisani niliambiwa vitabu vya zamani vililiwa na mchwa. Je, bado ipo njia ya kujua walizaliwa lini, waliingiaje kanisani na ndoa yao ilikuwaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Njia ipo, na mwanzo wako ni mzuri kuliko wa wengi wanaoniandikia, kwa sababu una karatasi moja yenye tarehe, majina mawili ya mahali na njaa ambayo miaka yake inajulikana. Majina ya ukoo uliyonitajia nimeyahifadhi, kwa kuwa jamaa zenu wengine wako hai na hawajaulizwa kama wanataka yasomwe na kila mtu.

Ninachotaka ukishike kabla ya yote ni kwamba usiwatafute Yeremia na Damari wakiwa wawili. Wakristo wa kizazi cha kwanza hawakuandikwa kama mume na mke tangu mwanzo, bali kila mmoja aliandikwa peke yake, pengine kwa miaka tofauti, na mwandishi hakuwa na sababu ya kuwaunganisha. Mahali pa uhakika ambapo majina yao yanakaa kwenye mstari mmoja ni pale wanapotajwa kuwa wazazi wa mtoto anayebatizwa. Ndiyo maana utafutaji huanzia kwa watoto na kurudi nyuma, na wanaokimbilia kitabu cha ndoa kwanza huishia kuchukua Yeremia wa watu wengine.

Anza basi na cheti cha bibi yako. Cheti ni muhtasari tu, kwa kuwa aliyekitoa alinakili yale yaliyohitajika siku hiyo, labda kwa ajili ya shule au ndoa, na mengine akayaacha kitabuni. Tafuta juu yake namba ya ingizo na jina la mchungaji aliyebatiza, kisha nenda Kilimatinde ukaombe kuuona mstari wenyewe. Humo huenda ukakuta kijiji walichoishi, kazi ya baba na majina ya wadhamini wa mtoto, na pia huenda ukakuta neno moja la pembeni ambalo hakuna aliyefikiria kulihamishia kwenye cheti. Kutoka hapo rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, mwaka 1930, 1929, 1928, ukitafuta kila mtoto ambaye baba yake ni Yeremia na mama yake ni Damari. Usiitegemee faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu, kwa sababu vitabu vingi vya misheni hupanga faharasa kwa jina la ubatizo la mtoto, nalo ndilo usilolijua bado. Kazi hii inachosha macho lakini haina njia ya mkato.

Ukishawapanga watoto kwa tarehe, tazama nafasi iliyo kati yao. Katika familia za wakati ule nafasi ya miaka miwili hadi minne ni ya kawaida. Nafasi ya miaka sita au saba inakuambia kwamba kuna mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, au familia ilikuwa mahali pengine, au kurasa zimepotea, na kila moja ya sababu hizo ina mahali pake pa kuchunguzwa. Mtoto wa kwanza kuonekana katika kitabu cha Kilimatinde anakupa kikomo cha uhamaji wao, yaani kufikia tarehe hiyo walikuwa wamekwisha kufika. Nyuma ya hapo ndipo unapovuka kwenda vitabu vya Mvumi.

Sasa lipo swali gumu la utambulisho. Utajuaje kwamba Yeremia wa Mvumi ndiye Yeremia wa Kilimatinde? Majina ya ubatizo yalikuwa machache na yaligawiwa kwa makundi, kiasi kwamba siku moja ya Pasaka ingeweza kuzaa akina Yohana na akina Mariamu kadhaa katika kanisa moja. Jina la pili nalo halitulii, kwani huenda ni jina lake la nyumbani alilopewa utotoni, au jina la baba yake, au lile la babu ambalo wajukuu walilifanya la ukoo baadaye walipoandikishwa shule. Mimi sikubali kwamba ingizo ni la mtu ninayemtafuta mpaka mambo matatu yakubaliane kati ya haya: jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, kijiji, mwenzi wa ndoa na mdhamini. Mdhamini ndiye shahidi ninayempenda zaidi. Watu waliohama baada ya njaa hawakuhama peke yao. Walifuata ndugu, shemeji au jirani aliyetangulia, na huyo ndiye waliyemwita asimame na mtoto wao kanisani. Ukimkuta mdhamini wa mtoto wa Kilimatinde ameandikwa pia Mvumi miaka ya nyuma, ametajwa kijiji kilekile cha Yeremia, basi umepata kiungo ambacho majina peke yake yasingekupa.

Katika kutafuta, usifungwe na tahajia ya leo. Waandishi wa Kianglikana walioandika Kigogo walitumia c peke yake mahali tunapoandika ch, hivyo Chilonwa inaweza kusomeka Cilonwa, na majina ya watu yalifuata mkondo huohuo. Hati na ramani za Wajerumani zina tsch kwa ch na zinaiandika Mpwapwa kuwa Mpapua. Herufi l na r hubadilishana bila utaratibu, na Yeremia anaweza kukaa chini ya Y, chini ya J kama Jeremiah, au chini ya jina lake la nyumbani kama lilivyosikika kwenye sikio la mgeni. Litamke jina kwa sauti mbele ya mzee anayejua Kigogo, umwombe akutajie matamshi yake yote, kisha uyaandike kama mtu asiyejua lugha hiyo ambavyo angeyaandika. Orodha utakayopata ndiyo ya kutafutia.

Kuhusu mchwa, sikatai kwamba wanakula vitabu, lakini jibu la mchwa hutolewa haraka mno. Uliza ni kitabu kipi hasa kilicholiwa, cha miaka gani, na nani aliyekiona. Parokia moja ilikuwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa, vya kipaimara na vya mazishi, mbali na orodha za washirika na kumbukumbu za vikao, na ni nadra vyote kukaa sanduku moja. Isitoshe, mipaka ya kanisa imehama mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Mpaka mwaka 1927 makanisa ya Ugogo yaliyoanzishwa na chama cha misheni cha CMS yalikuwa chini ya askofu wa Mombasa. Mwaka huo ndipo ilipozaliwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza akawa George Alexander Chambers kutoka Australia. Baadaye dayosisi hiyo ilizaa nyingine, na leo Mvumi imebaki Central Tanganyika, wakati Kilimatinde iko katika Dayosisi ya Rift Valley yenye makao yake Manyoni, na Mpwapwa ina dayosisi yake yenyewe. Ndani ya dayosisi moja pia mitaa iligawanyika, na kitabu cha zamani kwa kawaida hubaki katika kituo mama hata kama waliomo humo wanasali leo katika parokia tano tofauti. Kwa hiyo anayekujibu kwamba hawana anaweza kuwa anasema kweli kabisa kuhusu kabati lake, na kitabu kikawa salama umbali wa saa moja kwa gari. Baada ya parokia, mwandikie katibu wa dayosisi, na pale panapohitajika uzifikie dayosisi zote mbili.

Upo pia uwezekano kwamba kitabu kilichochakaa kilinakiliwa upya. Utakitambua kwa mwandiko mmoja na wino mmoja unaoendelea miaka kumi au ishirini bila kubadilika, ingawa wachungaji walibadilika, na kwa kukosekana kwa sahihi zao. Nakala kama hiyo ni mali, lakini isome kwa tahadhari, kwa sababu mnakili akichoka huruka mistari, na jina asilolielewa hulifanya jina analolijua.

Tuje kwenye ubatizo wao wenyewe, ambako ndiko kwenye utajiri mkubwa. Yeremia na Damari walibatizwa wakiwa watu wazima au vijana, na ubatizo wa namna hiyo haukuja ghafla. Mtu alijiandikisha kwanza kuwa mwanafunzi, akafundishwa kwa muda mrefu na mwinjilisti wa kijijini, akaulizwa maswali, ndipo akapokewa, mara nyingi pamoja na kundi zima wakati wa Pasaka, Pentekoste au Krismasi. Usinakili mstari wa Yeremia peke yake. Nakili kundi lote alilobatizwa nalo, kwa kuwa ndilo darasa lake, na ndani yake wamo ndugu zake, watani wake na pengine shemeji zake. Kama kitabu kinamtaja mwinjilisti au kituo kidogo, Handali, Idifu, Makang'wa au kingine, umepata mahali alipokuwa akiishi siku zile, jambo ambalo ni la thamani kuliko tarehe yenyewe. Kumbuka tu kwamba mahali hapo huenda hapaitwi hivyo tena, au hapana watu. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilihamisha kaya nyingi za Wagogo kwenda vijiji vya ujamaa, na jina la kitongoji cha 1912 linaweza kuwa leo ni jina la mashamba tu, linalokumbukwa na wazee waliozaliwa hapo.

Damari mtafute kabla ya Yeremia, hata kama hisia zako zinakutuma vinginevyo. Sababu yake iko katika sheria ya kanisa. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888 waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe maadamu anaendelea kuishi hivyo, wakati wake wa mtu kama huyo wangeweza kubatizwa katika mazingira ambayo kanisa la mahali lingeyaona yanafaa. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliweza kuwa Mkristo miaka mingi huku mumewe akisubiri nje, na wengine walisubiri mpaka uzeeni. Ikiwa Damari aliolewa kwingine kabla ya Yeremia, kama wanavyosema ndugu zako, alama yake huenda iko hapo: ubatizo wa mapema kuliko wa Yeremia, ukiwa na maneno "mke wa" na jina la mtu mwingine, au kumbukumbu ya mtoto ambaye baba yake si Yeremia. Alama hiyo ikikosekana usihitimishe kwamba ndugu zako wamekosea. Waandishi wengi waliandika jina la baba wa mwanamke na kuacha habari za mume kabisa.

Kitabu cha ndoa nacho kinahitaji kusomwa kwa akili ya wakati wake. Vitabu vya ndoa vya Waanglikana vilivyofuata mtindo wa Uingereza vina nafasi ya tarehe, majina, umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, jina la baba wa kila mmoja, na mwishoni sahihi au alama za vidole na za kalamu za wahusika na mashahidi. Ni ingizo tajiri kuliko la ubatizo, hasa kwa sababu linawataja baba wawili ambao wenyewe huenda hawakuwahi kubatizwa na hawapatikani kwingineko katika maandishi yoyote. Lakini safu ya hali ya ndoa ina mtego. Mwanamke aliyekuwa ameolewa kimila, ng'ombe wakatoka na baadaye wakarudishwa, aliweza kuandikwa kama asiyewahi kuolewa, kwa kuwa mwandishi alihesabu ndoa ya kanisa peke yake. Na mwingine aliandikwa mjane kwa sababu mume wa kimila alifariki na kila mtu kijijini alijua. Neno la safu hiyo linakueleza mwandishi aliamini nini. Ili kujua mahari ilitoka kwa nani na ikarudi lini, utawauliza wazee wa pande mbili, ukianza na upande wa Damari, ambao kwa kawaida familia huusahau.

Zaidi ya hayo, usishangae tarehe ya ndoa ikiwa baadaye kuliko ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Watu waliokuwa wameoana kimila walibatizwa kisha ndoa yao ikabarikiwa kanisani, pengine wiki ileile, na wakatoka kanisani wakiwa na watoto wawili nyumbani. Tarehe ya kanisa si tarehe waliyoanza maisha yao. Nimeona familia zikificha jambo hili kama aibu, na aibu yenyewe haipo. Kama kitabu cha ndoa chenyewe hakipatikani, uliza kama kuna daftari la matangazo ya ndoa, kwa kuwa jina lilisomwa kanisani Jumapili tatu kabla ya kufungwa, na daftari la matangazo mara nyingine huishi muda mrefu kuliko kitabu.

Utafika mahali ambapo mistari inakatika, na usilaumu mchwa kwa pengo hilo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wamisionari wa CMS walikuwa Waingereza ndani ya koloni la Wajerumani. Walizuiliwa, wakahamishwa, na hatimaye waliokuwa kizuizini Tabora walifunguliwa Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Katika kipindi hicho kazi ya makanisa ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, ambao nao wengine walikamatwa, na ibada ambazo zilihitaji mchungaji aliyewekewa mikono zilisubiri. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka 1915 anaweza kuonekana kitabuni mwaka 1917 au baadaye zaidi akiwa anatembea. Mtafute mtoto wa kwanza wa Yeremia na Damari katika miaka yote hiyo, na usome umri ulioandikwa pembeni yake kabla ya kudhani kwamba ni mtoto mwingine.

Kisha ikaja Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo na wapagazi, mvua zikakosekana, na homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 ikawakuta watu hawana nguvu. Mtoto wao aliyefariki wakati huo huenda ameandikwa katika kitabu cha mazishi na huenda hakuandikwa. Kitabu cha mazishi kinaorodhesha waliozikwa kwa ibada ya kanisa. Aliyefia njiani akitafuta chakula, au aliyezikwa na jirani siku ambayo hakuna mwinjilisti aliyeweza kusimama, hayumo. Kwa sababu hiyo kukosekana kwa jina katika kitabu cha mazishi cha miaka ile hakuthibitishi chochote, wala kwamba mtu aliishi wala kwamba alifariki mahali pengine. Njia ya kumpata mtoto huyo ni ubatizo wake, ukifuatiwa na mtoto wa baadaye aliyepewa jina lilelile, kama familia yenu ilikuwa na desturi hiyo ya kurudisha jina la aliyetangulia. Kuhama kwao kwenda Kilimatinde kunaeleweka pia ukitazama ramani: reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na kuendelea magharibi, na kituo cha Saranda kiko karibu na Kilimatinde.

Kitabu cha kipaimara ni kifupi na wengi hawakiombi kabisa. Kabla ya 1927 askofu alitoka Mombasa, William George Peel mpaka alipofariki mwaka 1916, kisha Richard Heywood kuanzia 1918, na ziara zake huku hazikuwa za mara kwa mara. Kwa hiyo waliopata kipaimara waliandikwa kwa makundi makubwa siku moja, kijiji kwa kijiji, na orodha ya namna hiyo hukuonyesha ni nani walikuwa hai na wapi kwa siku moja inayojulikana. Orodha za washirika wa Meza ya Bwana hufanya kazi hiyohiyo, na pembeni mwa majina hukutwa maneno kama "amehamia", "ametengwa" au "amerudi". Ukikuta amehamia likifuatiwa na Kilimatinde, nenda ukajipikie chai ya maziwa, maana kazi kubwa imekwisha.

Binti aliyeingia Ukatoliki ni hazina ambayo familia nyingi huisahau kwa sababu ya tofauti za madhehebu. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Mprotestanti aliyepokewa katika Kanisa Katoliki mara nyingi alibatizwa tena kwa masharti, na katika kitabu cha Kilatini utaona maneno sub conditione. Katika ingizo hilo wazazi wanatajwa, Yeremia akigeuka Jeremias na, kwa kuwa Kilatini hubadilisha miisho ya majina, "filia Jeremiae" ikimaanisha binti wa Yeremia. Na mwandishi mwangalifu alitaja alikobatizwa mara ya kwanza. Huo ni ushahidi wa watoto wa Yeremia na Damari uliotunzwa na kanisa jingine, ambao hautegemei kabati la Mvumi hata kidogo. Tena tangu Pasaka ya 1908, kwa agizo la Roma liitwalo Ne Temere, ndoa ya Mkatoliki inapaswa kuandikwa pia pembeni mwa ingizo lake la ubatizo, hivyo mstari mmoja unaweza kukupa jina la mume, tarehe na parokia. Angalia tu miezi iliyofupishwa kwa tarakimu: 7bris ni Septemba na si Julai, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na Xbris ni Desemba. Watu wengi wamekosea miaka ya ndugu zao hapo.

Kama parokia ya Kikatoliki imepoteza kitabu, usikate tamaa upesi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyoanza kutumika 1918, ilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Agizo si utekelezaji, lakini inafaa kuuliza. Dodoma ilifanywa eneo la kitume linalojitegemea mwaka 1935, ikakabidhiwa kwa mapadre Wapasionisti, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Kabla ya 1935 sehemu kubwa yake ilihesabiwa chini ya Bagamoyo, ambayo mrithi wake ni Jimbo la Morogoro. Kwa ndoa ya kabla ya 1935 andika kwa chansela, yaani mtunza kumbukumbu za jimbo, wa Dodoma na wa Morogoro pia.

Umeuliza walizaliwa lini. Mwaka kamili hautaupata, na mtu atakayekupa tarehe na mwezi ameubuni. Unachoweza kupata ni mipaka. Bibi yako alibatizwa akiwa mchanga mwaka 1931, na mwanamke hazai kwa kawaida baada ya miaka 45, kwa hiyo Damari hakuzaliwa kabla ya mwaka 1886 hivi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya vita, tuseme 1913 kwa kuchelewa kabisa, na tukimhesabia miaka 16 angalau alipomzaa, hakuzaliwa baada ya 1897 hivi. Kitabu cha ubatizo kikisema alikuwa na miaka 20 mwaka 1912, inaingia katikati ya mipaka hiyo na unaweza kuipokea, ingawa umri unaoishia na sifuri au tano ni makadirio ya jicho la mwandishi. Wazee wakiongeza kwamba alizaliwa baada ya sotoka, ile iliyomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, mipaka inabana zaidi. Kwa Yeremia fanya vivyo hivyo, ila mipaka yake itakuwa mipana, kwa kuwa mwanamume anaweza kuzaa akiwa mzee. Popote mtakapoandika mwaka huo, andikeni "karibu na 1890", nanyi mtakuwa mmesema kweli.

Serikalini usitarajie mengi kwa watu hawa wawili. Usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika wengi wakati wa ukoloni, na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, haitakuwa na jina la Damari. Nyaraka za Taifa zina daftari za wilaya za utawala wa Waingereza, ambazo ni nzuri kwa historia ya watemi, njaa na vijiji, zikikusaidia kutambua jina la mahali. Barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na humo wanatajwa zaidi walimu na wainjilisti kuliko waumini wa kawaida. Kama Yeremia hakuwa mwalimu wa misheni, mimi nisingetumia fedha huko.

Unapokwenda parokiani, nenda na barua fupi inayotaja uhusiano wako, majina, miaka na vijiji unavyotafuta, pamoja na nakala ya cheti cha bibi, na ukubali kupangiwa siku ambayo karani ana nafasi. Beba penseli, si kalamu ya wino. Usilambe kidole kugeuza kurasa, na usikilazimishe kitabu kifunguke chote kama mshono umelegea. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima taa ya simu na usimame karibu na dirisha ili mwanga uje kwa ubavu, kwani wino uliofifia huonekana vizuri zaidi hivyo. Piga ukurasa mzima wenye mstari wako, ule uliotangulia na unaofuata, pamoja na jalada la kitabu, na andika papo hapo jina la parokia na namba ya kitabu. Nakili kila neno kama lilivyo, na makosa yake, na tafsiri yako uiweke kando. Ukipata ingizo la 1931 nitumie picha hizo kabla hujaenda Mvumi, ili tuyasome kwanza majina ya wadhamini na ujue unamtafuta nani huko.